Habari ya Kukaa

Siku mliponiaga kule kazini, wanangu, mlicheka sana niliposema kwamba na sisi tulikuwa na programu. Mmoja wenu, simtaji, aliuliza kama ilikuwa inatumia makaa. Chekeni tu. Ninyi mnakaa mbele ya kioo, simu inaingia, kompyuta inatazama namba, inajua anayeita ni nani na ni yupi kati yenu ana nafasi, kisha inaiambia mashine ya simu: mpeleke huyu kwa yule. Mashine inaunganisha. Yenyewe haijui kitu, inaunganisha pale inapoambiwa. Basi hata Kindu, wakati nchi ilipoitwa Zaïre na sisi sote tukaitwa sitwayeni, yaani raia, kulikuwa na ubao wa kuunganisha, na kulikuwa na kitu kinachouambia ubao uunganishe wapi. Kitu hicho kilivaa kitenge na kilikuwa na njaa tangu asubuhi. Kilikuwa mimi, Mwamini.

Vyeo na mishahara siviandiki. Vyeo vilikuwa vya wengine, na mshahara wa Zaïre ni kichekesho kisichochekesha. Nitaandika jinsi nilivyofundishwa, na siku moja ambayo mji mzima ulishtuka, na mimi nikashtuka mwisho, kuliko wote.

Sentrali, pale simu zote zilipokutana, ilikuwa chumba kimoja nyuma ya biro ya posta, mtaa wa Kasuku, karibu na soko. Ndani palikuwa na ubao mrefu wenye matundu. Kila tundu lilikuwa simu ya mtu mmoja mjini, na juu ya kila tundu palikuwa na kifuniko kidogo cha chuma. Mtu akizungusha maniveli, kile kipini cha simu, nyumbani kwake, kifuniko kinaanguka, tap. Tuliviita kope, maana ubao ulitukonyeza mchana kutwa. Mbele yetu kulikuwa na kamba zenye fishi za shaba pande mbili. Fishi moja unaiingiza kwa anayeita, unamuuliza anamtaka nani. Ya pili unaiingiza kwa anayeitwa, unazungusha maniveli ili kengele ilie kwake. Kichwani kaski ya chuma ya kusikilizia, nzito, iliyoninyoa nywele za upande wa kushoto na hazijarudi hadi leo. Siku ya kwanza, kope ya kwanza ilipoanguka, niliruka kitini kana kwamba siafu wameniingia. Shefu wetu, mkubwa wa sentrali, Papa Sumaili, hakugeuka hata kunitazama. Alisema haiumi, inaita tu.

Huyo Papa Sumaili ndiye aliyenifanya kuwa mtu wa simu. Alikuwa mrefu, mkavu, mzaliwa wa Kindu, na babu zake walifika na misafara ya pwani wakakosa sababu ya kurudi. Kila siku alivaa abakosti, koti lisilo na tai, kama Chama tawala kilivyotaka, isipokuwa Ijumaa. Ijumaa alivaa kanzu, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Nilidhani atanifundisha ubao. Wapi! Alinitoa nje, akanionyesha nguzo ya kwanza, akasema nifuate waya kwa miguu hadi unapoishia, niingie kwa mwenye simu, nimsalimie, niongee naye, nirudi nimwambie nimeona nini. Kisha waya mwingine. Nilitembea Kindu yote nikitazama juu, nikajikwaa katika kila shimo la Kasuku. Watu walidhani nimerukwa na akili, msichana mzima anasoma nyaya.

Nilipoanza kushika fishi ndipo nilipoelewa. Kindu mtu hakuomba namba. Aliomba mtu. "Nipe mushonaji wa karibu na musikiti." "Nipe yule anauzisha chumvi, muke wake ni mutu wa Kabambare." Na haikutosha kujua anakaa wapi, ulipaswa kujua yuko wapi saa ile. Asubuhi mfanyabiashara yuko bandarini anapokea samaki wa Lokandu. Basi usilize kengele dukani bure, mpe karani wa bandari amwite. Adhuhuri ikiadhiniwa, nusu ya mji haipo kwenye simu, mwambie anayeita asubiri. Kope ya Chama ikianguka, toa fishi zote unazozihitaji, hata kama daktari yuko katikati ya neno. Hiyo ndiyo iliyokuwa programu yetu. Nani kwanza, nani baadaye, na kama huyu hayupo, umpeleke anayemtafuta kwa nani.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Sijamaliza hata mwezi kwenye ubao, simu ikaingia kutoka Bukavu. Mwanaume alimtaka Mama Zawadi, aliyeuza vitenge kwenye duka dogo karibu na mto. Nilimwingizia fishi, kengele ikalia, akaitika kwa sauti ya furaha, maana simu ya Bukavu kwake ilikuwa simu ya mwanawe. Yule mwanaume hakumsalimia. Alisema, "Mama, mutoto amekufa, tumemuzika jana," na laini ya Bukavu ikakatika. Sijui kama aliikata ao ilijikata. Nilichosikia baada ya hapo ni mkonga wa simu unaoning'inia na kugonga ubao wa duka. Ko. Ko. Ko. Nilimwita, Mama Zawadi, Mama Zawadi. Hakuna sauti. Ko. Ko.

Papa Sumaili alikuwa amesikia kwenye kaski yake. Aliivua, akaiweka mezani, akakimbia nje, mtu mzima wa abakosti akikimbia kwenye avenyu kubwa mchana kweupe. Alimkuta mama yule chini, peke yake, mlango wa duka wazi na wateja wanachungulia. Alipona, Mungu ni mwema, lakini hakugusa simu tena maisha yake yote; ikilia alitoka nje. Nilikuwa nimeunganisha sawasawa kabisa, tundu ndilo, mtu ndiye. Na hilo ndilo lililonitisha.

Kesho yake Papa Sumaili alituwekea sheria, na hakumwomba mtu ruhusa. Kwetu habari ya msiba haimfikii mtu akiwa peke yake. Wanatumwa watu, wanafika, wanasalimia, wanamkalisha, halafu anasema mmoja. Mjumbe mwenyewe hafiki mikono mitupu, anafika na watu. Akasema, kama miguu inaweza kufanya hivyo, kwa nini waya usiweze? Kuanzia siku ile kila simu ya mbali tuliipokea kwa swali moja: habari ya kusimama ao ya kukaa? Ya kusimama ni biashara, salamu, harusi, deni. Ya kukaa, kila mtu aliielewa bila kufundishwa. Ikiwa ni ya kukaa, hatukumlizia kengele mwenyewe. Tulimlizia mutu wake wa kando: jirani, ao mwalimu wa msikiti, ao padri, ao shefu wake wa kazi. Huyo alikwenda na watu, akamkalisha ndugu yule, kisha akatuarifu kwa simu ya pale. Ndipo tulipoingiza fishi na kuuambia upande wa pili maneno yale yale kila mara, kwamba ndugu hayuko peke yake: "Amekaa. Iko na watu. Ongea."

Sheria ilipanda nyaya. Wenzetu wa Bukavu waliishika, na wa Kalemie, na hasa Kisangani, ambako kulikuwa na Lisungi, msichana ambaye sikuwahi kuuona uso wake na ambaye nilijua hata anapokuwa na mafua. Watu wa Kindu nao wakaja wenyewe sentrali kutuambia mutu wa kando wao ni nani. Mnaweza kudhani ni jambo la huzuni. Lilikuwa vurugu. Mmoja alitukataza kabisa kumwita kaka yake, kwamba yule atafurahi. Mwanamke mmoja alisema mumewe asiambiwe chochote kupitia kwa mke mwenza, hata dunia ikiisha. Mzee Ramazani, mwuza samaki na chumvi, alimtaja Sefu mshonaji, jirani yake, ambaye walikuwa hawaongei kwa sababu ya mbuzi. Nikamuuliza mbona huyo. Akasema, "Ananichukia, lakini atafika."

Miezi ikapita hivyo. Ukaja wakati wa majina, ambapo Chama kilitaka kila mtu aache jina la kigeni, na kwa msimu mzima hakuna aliyejua amtafute nani. Mtu anaomba jina la jana, ambalo limekatazwa, na mwenyewe bado hajazoea kuitika la leo. Karatasi zangu zilinipa jina jipya zuri sana ambalo hata mama yangu hakuweza kulitamka. Kisha maduka ya wageni yakagawiwa kwa wenyeji, na nusu ya matundu yakapata wenyewe wapya kwa juma moja. Tulifuata nyaya kwa miguu upya. Papa Sumaili alistaafu, wakamwachia simu nyumbani kwake kama shukrani, na kaski yake nzito akanivisha mimi.

Kufikia hapo nilikuwa nimeolewa na Assani, fundi wa mbao aliyetengeneza mashua bandarini. Mtu wa maneno machache, na hayo machache ya utani. Mwaka ambao tumbo lake lilianza kuvimba ndio mwaka ule ule ambao tuliambiwa kwamba mashine inakuja. Sentrali ya otomatiki! Kabati za chuma zilishushwa bandarini zikiwa zimefungwa vizuri kuliko bibi harusi, na pamoja nazo akashuka injinia kutoka Kinshasa, Sitwayeni Bokungu, kijana mpole, mwenye miwani, anayesema tafadhali hata kwa mbuzi. Daktari wa Kindu naye akasema tumbo la Assani lipasuliwe Kisangani, na upesi.

Nilitaka kwenda naye. Hilo naomba mlijue. Nilikwishafunga mzigo. Lakini Bokungu alihitaji mtu wa kumpa sheria zote za ubao ili azitie kwenye mashine, na mtu huyo hakuwa mwingine. Assani alinitazama ninavyozunguka chumbani, akasema, "Baki. Tumbo njo langu, mashine njo yako." Alipanda mashua ya kwenda Ubundu pamoja na mdogo wake Shabani, wakachukue treni kule. Alinipungia mkono akiwa amekaa juu ya gunia la mchele, na alikuwa amevaa lile shati lake nililolipenda. Shemeji yangu Shabani nilimwagiza maneno haya: chochote kitakachotokea, kizuri ao kibaya, uniite mimi mwenyewe, sentrali, moja kwa moja. Hiyo habari ya kusimama na kukaa ni ya watu wengine. Mimi ni mtu wa simu.

Papa Sumaili aliposikia nimesema hivyo, hakupenda. Alisema, "Mwamini, kinyozi hajinyoi. Mutu wako wa kando njo mimi, upende usipende." Nikamjibu kwa kiburi kidogo, kwamba kila waya wa Kisangani unapita chini ya vidole vyangu. Habari yangu itapita wapi nisiione? Alimalizia chai yake akaenda zake.

Kazi na Bokungu ilikuwa nzuri, sidanganyi. Nilimwambia kila kitu na yeye aliuliza maswali ya mtu anayesikiliza. Alinieleza kwamba mashine ina sehemu mbili: moja inaunganisha, na nyingine, ndogo, inakumbuka sheria na kuiamuru ile kubwa. Nikamwambia basi umeoa kazi yangu, hiyo ndogo ni mimi. Akacheka mpaka miwani ikamvuka. Akaniuliza, mtu asipoitika, kuna mwingine wa kuitwa? Nikamwambia ndiyo, kila mtu ana mutu wake wa kando, na nikamweleza habari ya msiba tangu Mama Zawadi hadi siku ile. Alisema hajawahi kusikia kitu kizuri kama hicho kwenye simu. Na kwa sababu kilikuwa kizuri, akakitumia kwa kila kitu: mtu asipoitika, ao laini yake ikiwa na maneno ya mwingine, mashine itarusha simu kwa mutu wake wa kando, yenyewe, bila kumsumbua mtu. Mimi nilisikia hivyo na nikaona ni sawa. Tulikuwa wawili tunaotazama kabati ile, na hakuna aliyeona kosa.

Assani alipasuliwa siku mbili kabla ya kuzinduliwa kwa mashine. Shabani aliniita jioni ile: ametoka salama, amelala, daktari ameridhika, nitakuita tena. Nililala usingizi mzito, wa kwanza tangu aondoke.

Siku ya uzinduzi tulicheza ngoma ya Chama uani, tukaimba, tukapiga makofi. Sitwayeni mkubwa alikata utepe na kusema kwamba sasa Kindu imekuwa sawa na Ulaya. Kisha Bokungu akashusha swichi, na kabati zikaanza kutoa sauti yake, tikitiki tikitiki, kama mvua inayoanza kwenye mabati. Ubao wa zamani ulibaki pembeni kwa simu za mbali zisizopigwa kwa namba, nami nikakaa hapo. Nilikuwa nangoja Kisangani. Kope ya Kisangani ikaanguka, nikaingiza fishi mbio.

Alikuwa Lisungi peke yake. Aliniuliza kama nimeamka salama. Akaniuliza kama kweli mashine yetu imefunguliwa, na kama yeye, huko aliko, akipiga namba ya mtu wa Kindu, inamfikia bila kupita mikononi mwangu. Nikamwambia kwa majivuno inafika, hata wewe utapumzika, jaribu. Akauliza, "Hata namba ya Papa Sumaili?" Hata yake, nikasema. Nikamuuliza kama Shabani hajafika kwao posta. Akasema laini iko na makelele, atanirudilia. Makelele yenyewe mimi sikuyasikia, lakini siku hiyo sikuwa na nafasi ya kufikiri, maana nje watu walikwisha kuanza kulia.

Ilianza kwa Mzee Ramazani. Alikuwa bandarini anapokea samaki wake, kama kila asubuhi. Mtu wa Lokandu alimwita dukani kumwambia kwamba vikapu viwili vimebaki, vitakuja na mashua ya kesho. Ni hayo tu. Duka halikuitika, na mashine, kwa utii, ikarusha simu kwa Sefu mshonaji. Sasa, wanangu, simu ya Sefu haikuwahi kumlilia Ramazani tangu dunia iumbwe. Aliposikia tu, "Namutafuta Ramazani," hakungoja neno la pili. Aliweka mkonga wa simu chini, akaacha suruali ya mteja kwenye cherehani, akafunga mlango, akaita majirani. Alisahau mbuzi. Ramazani alipotoka bandarini alikuta mikeka imetandikwa uani kwake, wanaume wamekaa kimya, wanawake wamejifunga vichwa, mama yake mzee amejitupa chini, na Sefu, adui yake, anakuja kumshika mkono. Alilia. Alilia sana, na wote wakalia naye. Kila mmoja alidhani mwenzake anajua aliyekufa. Yeye alingoja waseme, wao walingoja aulize, na alikuwa ameogopa kuuliza. Walivililia vikapu viwili vya samaki hadi mtu wa Lokandu alipoita tena.

Ingekuwa yeye tu tungecheka. Lakini mashine haichoki. Kila aliyekuwa sokoni, kila aliyekuwa shambani, kila aliyekuwa anaongea na mwingine, simu yake iliruka kwa mutu wa kando. Karani mmoja alipokelewa bironi na padri akiwa amebeba msalaba, akaanguka pale pale, kumbe shangazi yake alitaka kujua bei ya unga. Kwenye avenyu nzima wanawake walitoka na kilio bila kujua wanakwenda kwa nani, wakakutana na wengine wanaotoka kilio kingine. Mama yangu! Sijawahi kuona mji unalia hivyo, na hakuna maiti. Wakaja wote sentrali. Uwanja ukajaa. Bokungu alisimama katikati ya kabati zake, uso umempauka, akaniuliza, "Mama, nimefanya nini?" Nikamwambia umewatangazia watu wote msiba. Nilisema hivyo, kisha, naomba radhi kwa marehemu wote, nikaanza kucheka. Kicheko cha woga, cha kushtuka, kisichotaka kuisha.

Nimalize habari ya mashine kabisa ili nisirudi huko. Bokungu aliizima sheria ile kabla jua halijageuka, akatoka nje mwenyewe akawaomba watu msamaha kwa Kiswahili chake cha Kinshasa, na hawakumpiga. Tangu hapo mashine yetu ilipewa sheria nyingine: asiyeitika, haitikiwi na mwingine, na kila simu ya mbali isimame kwanza kwa mtu mwenye masikio. Ilifanya kazi hivyo hadi sentrali ilipokufa na nikaja kwenu. Ndiyo maana nilikuwa nawasumbua kila mlipotia sheria mpya kwenye kioo. Nilikuwa nauliza, na yule ambaye simu inamwangukia, ataelewa nini?

Watu walikuwa bado uwanjani, wengine wanacheka sasa, wengine bado wanafuta machozi, nilipomwona Papa Sumaili anapita katikati yao. Alikuwa amevaa kanzu. Haikuwa Ijumaa. Nyuma yake walikuja wanawake wawili wa avenyu yangu, majirani zangu, vitambaa kichwani. Watu walimpisha bila kuambiwa.

Nilicheka tena. Nikamwambia, "Papa, hata weye? Ile njo mashine. Leo imeliza muji muzima, rudi nyumbani upumzike."

Hakucheka. Alifika hadi kwenye kiti changu. Aliniwekea mkono begani.

"Hii simu haikuruka, mwanangu," akasema. "Lisungi alipiga namba yangu. Aliniuliza kama niko na nguvu ya kufika kwako."

Nilimwambia hapana. Nilimwambia ni mashine, Papa, ni mashine, imekosea watu wote, mwulize Bokungu. Nilimwonyesha kabati kwa kidole. Bokungu alivua miwani. Mmoja wa wale wanawake alinishika kiunoni, na hapo ndipo nilipogundua kwamba nimesimama. Miaka yote ile nimekaa kwenye kiti kile, nimewakalisha watu wa Kindu kwa mamia, na ilipokuja yangu nikasimama, na miguu haikutaka kukunjika. Niliwaza kitu kimoja tu. Nilimwambia Lisungi mimi mwenyewe. Nilimwambia inafika, jaribu.

Kope ya Kisangani ikaanguka.

Hakuna aliyesogea. Kisha Papa Sumaili alinyoosha mkono, akachukua fishi, akaiingiza kama alivyokuwa akifanya kabla sijazaliwa kazini. Alinivua kaski taratibu, akaivaa yeye. Alisikiliza. Akasema, "Iko na watu," halafu akanitazama. Laini ilikuwa wazi, na upande wa pili walikuwa Lisungi na Shabani, na hakuna aliyeharakisha. Walingoja.

Nikakaa.

Papa Sumaili akanivisha kaski, akaniinamia karibu na kinywa cha simu.

"Amekaa," akasema. "Ongea, Shabani."